Rupia ya Bawabu

Mzee alinitaka mkono. Hakuuliza nanunua nini. Alitaka mkono, kiganja chini, kama mtu anayetaka kunivisha pete. Ilikuwa sokoni Darajani, upande wanaouza viungo, saa nne ya asubuhi, jua limeshajipenyeza chini ya mabati. Akafungua kichupa cha mafuta ya makonyo ya karafuu yaliyotiwa ndani ya mafuta ya nazi, akadondosha tone moja nyuma ya mkono wangu, akalisugua kwa kidole mizunguko mitatu. "Haya yanaingia mpaka mfupani, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara elfu na bado anayaamini. Tukaanza kuvutana bei. Alipomaliza kunihesabia chenji nikautazama mkono: mkavu. Tone halikudondoka, wala sikulipangusa. Lilikuwapo, likaondoka, na mlango lililopitia sikuuona.

Kiswahili hakipati taabu kulieleza jambo hili. Mafuta huingia. Dawa huingia, baridi huingia, jicho la hasidi huingia, na maneno yakisemwa vizuri nayo huingia. Ni kitenzi kilekile tunachompa mgeni anapovuka kizingiti, naye mgeni hufundishwa tangu udogoni kwamba haiingiwi nyumba ya mtu bila hodi, na hodi ni tatu, na asipoitikiwa arudi zake. Sasa tone la mafuta lilibisha lini? Na nani, ndani ya mkono wangu, aliyeitikia karibu? Swali la kitoto, najua. Lakini wapo watu wazima waliolifanya kazi ya maisha yao, na jibu lao limenikaa moyoni kuliko nilivyotarajia: mlango upo, bawabu yupo, na bawabu anahongeka.

Ukuta wenyewe ni mwembamba wa kutisha. Tabaka la juu kabisa la ngozi, linalofanya karibu kazi yote ya kuzuia, lina unene wa mikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili. Karatasi ya daftari inalishinda mara tano na zaidi. Na ni tabaka la maiti. Seli zake zilizaliwa chini, zikapanda polepole, zikajaa keratini, zikapoteza kiini, zikafa, zikalala bapa, na ni baada ya kufa ndipo ulinzi wake unapoanza. Hukaa lindoni wiki mbili hivi, kisha hupukutika na nyingine kushika zamu. Kila mtu analindwa na wafu wake, na sisemi habari za mizimu. Baina ya seli hizo pamejazwa mafuta ya aina yake, seramaidi na kolesteroli na asidi za mafuta, tabaka juu ya tabaka. Wanasayansi hupenda kuuita ukuta wa matofali na saruji, seli zikiwa matofali na mafuta yakiwa saruji. Mfano mzuri, ila ni wa watu wa nchi za matofali. Mimi niliyekulia chini ya makuti naona paa. Seli hizi zimelaliana kama makuti yanavyolaliana, tabaka 15 au 20, na tone linalotaka kushuka haliteremki wima. Hutambaa juu ya kuti, likafika ukingoni, likashuka kidogo, likatambaa tena. Mikromita 15 zinageuka safari ndefu ya machochoro. Na kila aliyelala chini ya makuti mwezi wa masika anajua kwamba paa halivuji penye kuti, huvuja pale makuti yalipoachana.

Wapo wanaopita wenyewe, bila msaada. Sharti wawe wadogo, na wawe na urafiki kidogo na mafuta. Wataalamu wa dawa huweka mpaka kwenye uzito wa daltoni 500 hivi: molekuli ikizidi hapo, safari inakuwa ngumu. Eujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu, ina 164, kwa hiyo huteleza. Insulini ina karibu 5,800, na ndiyo maana mgonjwa wa sukari bado anajichoma sindano wakati dunia imejaa krimu za kila rangi. Dawa nyingi zinazofaa ziko kama insulini, au ni ndogo lakini hazipatani na mafuta, na hufika mlangoni zikasimama hapo hadi zipanguswe. Basi wataalamu walifanya kama wahenga walivyoshauri: penye udhia, penyeza rupia.

Na kupenyeza ndilo neno lenyewe. Viko vitu vinavyotiwa ndani ya krimu na plasta ambavyo havitibu ugonjwa wowote. Kazi yake ni kumshughulikia bawabu ili dawa ipite. Namna vinavyomshughulikia niliielewa kwa chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi za kipupwe mafuta hayo huganda, unapindua chupa hayatoki. Ukiyaweka juani kidogo hulegea. Mafuta ya kwenye ngozi yako ni ya kipupwe siku zote. Mikia ya molekuli zake imenyooka, imesimama bega kwa bega kama safu ya swala, na ili uilegeze safu hiyo kwa moto ungehitaji joto la karibu nyuzi 70, ambalo hakuna mwenye ngozi angelivumilia. Rupia hufanya kazi ya moto bila moto. Asidi oleiki, ileile ya mafuta ya zeituni, ina mkia wa kaboni 18 wenye pindo katikati mfano wa kiwiko. Ikijiingiza safuni, kiwiko kinasukuma majirani, na safu haikai tena sawa. Miaka ya 1970 huko Marekani ilibuniwa molekuli kwa ajili ya kazi hii hasa, ikaitwa Azone: ina mkia mrefu wa kaboni 12 unaoingia kwa adabu, halafu kichwa kipana kinachobaki juu na kuwaambia wenzake sogeeni. Aliyepanda daladala saa ya jioni hana haja ya kuchorewa. Spiriti haina hata subira hiyo. Yenyewe huyachota mafuta ikaondoka nayo. Mentoli na eujenoli hujibana katikati ya mikia na kuivuruga, kwa hiyo karafuu ya mzee wa Darajani ni mgeni aliyekuja na rupia yake mkononi, anajifungulia mwenyewe na anawafungulia anaofuatana nao.

Mpaka mfupani, hata hivyo, mzee alitia chumvi. Chini tu ya ngozi ile nyembamba kuna mishipa midogo ya damu, nayo humdaka karibu kila aliyevuka, akazungushwa mwili mzima kabla hajauona mfupa. Na ule ubaridi wa mentoli tunaouhisi umezama gotini hauna baridi ndani yake. Mentoli hugusa kipokezi cha neva kiitwacho TRPM8, ambacho ndicho kinachoguswa na baridi ya kweli, na neva ikapeleka habari za barafu isiyokuwapo. Simlaumu mzee. Mfupani ni jina tunalopapa mahali panapouma ambapo kidole hakifiki.

Lakini chini ya wafu wanakaa walio hai, na hapa ndipo tafakari yangu inapoanza kuniwasha. Kila seli hai nayo ina ukuta wake, na huo Kiswahili kimeupa jina la haki: utando. Ni jina la kitu chepesi kinachotanda juu ya maziwa yaliyopoa, la nyuzi za buibui pembeni mwa dari, la ukungu wa alfajiri. Utando wa seli una unene wa nanomita 5 hivi. Ungepanga 3,000 ndipo upate unene wa lile tabaka la wafu, ambalo lenyewe karibu si kitu. Waliougundua ulivyo waliugundua kwa mafuta juu ya maji. Mwaka 1925, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walichukua damu ya mtu na ya wanyama kadhaa, mbuzi akiwamo, wakakamua mafuta ya seli nyekundu, wakayatandaza juu ya maji kama dizeli inavyojitandaza penye boti zilizotia nanga bandarini Malindi. Eneo la mafuta yaliyotanda likatoka mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Maana yake kila seli imevaa mafuta tabaka mbili: vichwa vinavyopenda maji vikitazama nje na ndani, mikia inayoyakimbia maji ikifichana katikati. Baadaye ilionekana kwamba walikosea mara mbili. Hawakuyakamua mafuta yote, na seli walizipima ndogo kuliko zilivyo. Kosa moja likalipa deni la jingine, jibu likabaki sahihi. Nalipenda sana jambo hilo na sina matumizi nalo hapa.

Rupia iliyopata sifa kuliko zote ilitoka kwenye magogo. Dimethili salfoksaidi, au DMSO kwa kifupi, ilitengenezwa kwanza na Mrusi Alexander Zaytsev mwaka 1866, ikakaa karibu karne nzima bila makeke. Hupatikana kutokana na mabaki ya viwanda vya karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Oregon nchini Marekani, daktari mpasuaji Stanley Jacob akaanza kuichunguza kama dawa ya kupaka, na jambo la ajabu likajitokeza: mtu akiguswa nayo kidoleni, dakika chache baadaye huhisi ladha kama ya kitunguu saumu mdomoni. Hakula kitu. Kidole kimeonja. Watu wakaikimbilia kwa kila maumivu, kama huku kwetu tulivyokikimbilia kikombe cha dawa cha Loliondo mwaka 2011. Novemba 1965 mamlaka ya dawa ya Marekani ikasimamisha majaribio, kwa kuwa lenzi za macho ya wanyama waliopewa zilionekana kubadilika. Mwaka 1978 ikaja kuiruhusu kwa ugonjwa mmoja wa kibofu. Siku hizi kompyuta zinaweza kuifuatilia DMSO molekuli kwa molekuli inapokutana na utando wa seli. Ikiwa kidogo, utando hupungua unene na kulegea. Ikizidi, hufunguka vitundu ambamo maji hupita. Ikizidi tena, utando husambaratika. Na hiyohiyo, kwa kiasi cha asilimia 10 hivi, ndiyo inayotiwa katika seli zinazogandishwa maabarani ili barafu isizipasue. Ukiniuliza DMSO ni rafiki au adui wa utando, nitakuuliza kwanza umetia vijiko vingapi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaitamka methali hiyo kila mara kuku anapochinjwa, na nadhani haikuwahi kupata mfano ulio wazi kuliko plasta ya dawa. Mwaka 1979 Marekani iliruhusu plasta yenye dawa ya skopolamini, inabandikwa nyuma ya sikio ambako mlango ni mwepesi, kwa wanaochafukwa roho safarini. Abiria wa boti ya Pemba, siku mkondo umechafuka, wangeielewa faida yake bila mhadhara. Zikafuata nyingine, ikiwamo ya nikotini kwa anayetaka kuacha sigara. Haba na haba usiku na mchana, bila sindano. Lakini nikotini hiyohiyo humwingia na mtu ambaye hakumwalika mgeni yeyote. Mvunaji wa tumbaku anashika shamba alfajiri, majani yamelowa umande, fulana imemganda mgongoni, na kufikia mchana kichwa kinamzunguka, anatapika, anadhani ni jua. Ni majani. Umande umeyeyusha nikotini na umeloweka ngozi, na maji ndiyo rupia ya kale kuliko zote: tabaka la wafu likinywa maji huvimba, na waliobanana huachana. Wahenga walipokuwa wakinena kwamba ngozi ivute ili maji, walikuwa na ngozi ya ng'ombe mbele yao na malezi ya watoto akilini. Mimi namwona mvunaji wa Urambo na fulana yake.

Kinachonishughulisha ni hiki: bawabu akishapokea, hachagui tena. Rupia haikuandikwa jina la mgeni. Mlango uliolegezwa kwa ajili ya dawa ya viungo umelegezwa pia kwa manukato uliyojipulizia baadaye, kwa sabuni ya kufulia, kwa vumbi la dawa ya mbu. Na rupia yenyewe haibaki mlangoni. Nayo hushuka. Ikifika kwa walio hai hukuta tando zilizofumwa kwa mafuta ya ukoo mmoja na yale iliyoyavuruga juu, ikaanza tena kazi iliyoizoea, safari hii juu ya kitu kinachouma. Sabuni kali ni mfano wa karibu. Molekuli zake huyazingira mafuta na kuyang'oa kidogo kidogo. Utando ukitoboka, seli ya ngozi humwaga nje chembe za kengele ilizokuwa imezihifadhi, majirani wakasikia, damu ikaja mbio, na wewe unaona wekundu au kuwashwa unasema krimu hii imenikataa. Imekukubali kupita kiasi. Watengenezaji wanalijua hilo, na sehemu kubwa ya ufundi wao ni kutafuta kitu kinachowachokoza wafu bila kuwaamsha walio hai. Hawakipati mara nyingi. Kinachofungua vizuri mara nyingi ndicho kinachowasha.

Halafu kuna mkorogo. Jina lenyewe lina ukweli ambao hata wauzaji wake hawaufichi: vitu vilivyokorogwa pamoja, krimu ya steroidi, haidrokwinoni, pengine zebaki, losheni ya kuvipa harufu nzuri. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliiandama zebaki hiyo dunia nzima, lakini kopo lisilo na lebo halijui mkataba. Sina haraka ya kuwacheka wanaopaka. Waliambiwa na mabango, na shangazi, na wachumba, kwamba ngozi yao ni udhia, wakapenyeza rupia. Ninalolitazama ni namna kopo lile linavyofanya kazi, kwa kuwa ni hila kuliko hongo ya kawaida. Steroidi kali ikipakwa kila siku humfukuza fundi: seli za chini hupunguza kutengeneza yale mafuta ya kuzibia, ngozi hupungua unene, na kila kinachofuata hupita kwa wepesi zaidi kuliko jana. Zebaki haihitaji tena kusukumwa. Inapita, inaingia katika damu, inaweka makazi kwenye figo. Kopo la kwanza linaliandalia njia kopo la pili. Nimewahi kukaa karibu na mwanamke wa makamo katika foleni ya benki, uso umeng'aa, vifundo vya vidole vimebaki na rangi yake ya asili, mishipa ya shavuni inaonekana kama nyuzi nyekundu chini ya kitambaa cha hariri. Alikuwa akijipepea kwa kitabu cha benki. Feni ilikuwa juu yake na bado alihisi moto. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Hapa nguo imeshavuliwa, na kikulacho kimekwenda mbele zaidi.

Siku ile ya Darajani nilirudi nyumbani nikiwa na kichupa mfukoni na harufu ya karafuu mkononi. Ndani kulikuwa na mtoto wa mdogo wangu, njiti, aliyezaliwa miezi yake haijatimia. Mtoto wa aina hiyo huja duniani kabla wafu wake hawajapangwa. Hadi wiki ya 34 hivi ndipo lile paa hukaribia kukamilika. Aliyetangulia huzaliwa na makuti mawili matatu, ngozi nyekundu inayong'aa, maji yakimtoka na chochote kikimwingia. Mafuta ya kumchua si jambo dogo kwake. Huko Bangladesh watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini waliugua maambukizi ya damu kwa uchache kuliko wasiopakwa, pengine kwa kuwa alizeti ina asidi linoleiki ambayo ngozi huitumia kujengea. Mafuta ya zeituni, tunayoyatukuza na kuyanunua kwa bei, yana ile oleiki ya kiwiko, na yakijaribiwa kwenye ngozi za watu wazima yalionekana kulilegeza tabaka badala ya kulikaza. Yote ni mafuta. Yote yanang'aa sawa juu ya kiganja.

Mama yake alikuwa amempakata kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga imewafunika wote wawili. Nikanyoosha mikono nimpokee. "Ukanawe kwanza," akasema. Nikaenda bombani, nikanawa kwa sabuni hadi viwikoni, nikarudi. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaunusa nyuma, pale mzee alipozungusha kidole mara tatu.

"Bado," akasema, akaivuta kanga juu ya kichwa cha mtoto.

Nikarudi bombani. Maji yalikuwa ya moto kwa jua la tangini, sabuni ikatoa povu jingi, na harufu ya karafuu ikapanda pamoja nalo, mpya kama ilivyokuwa sokoni.